Umewekewa resori ya moyo? Usiache vidonge vyako

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama munaosoma ukurasa huu nyumbani, leo hatutasema juu ya kofia, miwani wala viatu vya kazi. Tutasema juu ya kitu kidogo cha chuma ambacho baadhi ya wenzetu wanacho ndani ya kifua. Waganga wanakiita stenti. Katika kambi zetu watu wamezoea kukiita resori ya moyo, kwa sababu kinafanana na ile resori ndogo iliyo ndani ya kalamu.

Zamani habari hii ilikuwa ya Ulaya tu. Leo kuna wafanyakazi na wastaafu wa Haut-Katanga na Lualaba waliopelekwa Afrika ya Kusini, ao India, ao Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya kazi hiyo, wakarudi na stenti. Wanarudi na nguvu. Jirani wanakuja kusalimu, kuku anachinjwa, watoto wanafurahi kuona baba anapanda ngazi bila kusimama katikati. Miezi mitatu ao mine inapita. Vidonge alivyoletwa navyo vinakwisha, na hakuna anayeuliza. Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndiyo sababu tunaandika.

Kwa nini walikuwekea chuma

Moyo ni pompi. Unapiga karibu mara laki moja kwa siku, usiku na mchana, bila likizo. Pompi hiyo nayo inakula, na chakula chake ni damu. Damu hiyo inaufikia kwa mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Upana wa mishipa hiyo ni milimita 3 ao 4 tu. Hata penseli haiwezi kuingia ndani yake.

Kwa mtu anayevuta sigara, kwa mtu mwenye presha, mwenye ugonjwa wa sukari ao mwenye mafuta mengi katika damu, uchafu wa mafuta unajibandika kwenye ukuta wa mshipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Munajua namna bomba la kiwanda linavyojaa uchafu wa ndani mpaka maji yanapita kwa shida. Ni vile vile. Siku mtu anapobeba mzigo ao kupanda mlima, moyo unaomba damu nyingi na bomba linakataa. Kifua kinabanwa.

Tarehe 16 Septemba 1977, munganga Andreas Grüntzig, katika hospitali ya Zürich kule Uswisi, alipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja la mgonjwa mpaka ndani ya mshipa wa moyo. Kwenye ncha ya mrija kulikuwa na mfuko mdogo sawa na baluni. Aliujaza, mfuko ukasukuma uchafu pembeni, damu ikapita. Kifua hakikufunguliwa. Mgonjwa alikuwa macho. Ilikuwa kazi kubwa sana, lakini ilibaki na kasoro moja: kwa wagonjwa wengine ukuta wa mshipa ulirudi kuanguka baada ya mfuko kutolewa.

Ninyi watu wa shimo munalijua tatizo hilo kuliko waganga. Ukichimba galeri katika mwamba mbovu bila kuweka nguzo, dari linashuka. Waganga nao wakaja kuweka nguzo. Mwaka 1986, Jacques Puel kule Toulouse, Ufaransa, na Ulrich Sigwart kule Lausanne, Uswisi, walikuwa wa kwanza kuacha ndani ya mishipa ya moyo ya watu kimrija kilichosukwa kwa nyuzi za chuma. Kinaingia kikiwa kimekunjwa, kikifika mahali pabovu kinapanuka, kinabaki hapo siku zote. Hakitolewi.

Nguzo ya shimoni ukishaiweka vizuri, inatosha kuikagua. Nguzo ya mshipani ina adui mwingine, naye ni damu yenyewe.

Damu haipendi chuma

Ukijikata kidole, damu inatoka kidogo, kisha inasimama. Ni nani anayeisimamisha? Ni vipande vidogo sana vinavyoelea ndani ya damu, vinavyoitwa plaketi. Vikiona ukuta wa mshipa umepasuka, vinakimbilia pale, vinashikana, vinaita vingine, na tundu linazibwa. Bila plaketi, jeraha dogo la kunyoa ndevu lingeweza kukumaliza.

Lakini plaketi hazina akili ya kuchagua. Zikigusa chuma cha stenti zinafikiri ni jeraha. Zinakimbilia pale, zinashikana, zinaita vingine. Kwenye kidole kazi hiyo inakuokoa. Ndani ya mshipa wenye upana wa milimita 3, donge la damu linaweza kuziba njia yote kwa dakika chache. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule inaanza kufa. Hiyo ndiyo tunaita kuziba kwa stenti, na ni shambulio la moyo baya kuliko lile la kwanza mara nyingi, kwa sababu linakuja kwa ghafula kwenye mshipa uliokuwa wazi kabisa.

Mwili una dawa yake. Kidogo kidogo ngozi laini ya ndani ya mshipa inaota juu ya nyuzi za chuma mpaka inazifunika, na plaketi hazikioni tena chuma. Lakini ngozi hiyo inachukua majuma na miezi kuota. Wakati wote huo wa kungoja, kinachosimama kati ya damu yako na chuma ni vidonge.

Mambo haya waganga waliyajua kwa njia ngumu. Mwaka 1991 ilitangazwa hesabu ya wagonjwa 105 wa kwanza waliowekewa stenti katika hospitali 6 za Ulaya. Kwa 25 kati yao stenti iliziba. Nyingi kati yake ziliziba katika majuma mawili ya kwanza. Wengine wakasema chuma hiki kiachwe kabisa, na mtu hawezi kuwalaumu.

Walijaribu kwanza dawa kali za kuzuia damu isigande. Watu wakatoka damu nyingi, na stenti zikaendelea kuziba. Kisha ilionekana kwamba mambo mawili yanasaidia: kuipanua stenti kwa nguvu mpaka ijibandike kabisa kwenye ukuta bila kuacha nafasi, na kumpa mgonjwa vidonge viwili vinavyotuliza plaketi, kila kimoja kwa njia yake. Mwaka 1998 huko Marekani walitangaza majaribio ya wagonjwa 1.653 waliogawanywa katika vikundi vitatu. Katika mwezi wa kwanza, kati ya watu 1.000 waliomeza aspirini peke yake, 36 walipatwa na kuziba ao shida nyingine kubwa ya moyo. Waliomeza aspirini na ile dawa kali ya kuzuia kuganda, 27. Waliomeza aspirini pamoja na tiklopidini, 5 tu. Tangu hapo desturi ya vidonge viwili imeshika dunia yote. Tiklopidini ilikuwa na ubaya wake kwa damu nyeupe, kwa hiyo nafasi yake ilichukuliwa na klopidogreli. Siku hizi wengine wanapewa prasugreli ao tikagrelori. Jina likibadilika usishangae. Kazi ni moja.

Neno dogo juu ya chuma chenyewe, maana litawapendeza watu wa Kolwezi na Likasi. Stenti za zamani zilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na nyuzi zake zilikuwa nene. Nyingi za leo zinatengenezwa kwa kobalti iliyochanganywa na kromi. Kobalti ni ngumu, kwa hiyo uzi mwembamba unatosha: karibu sehemu 8 za mia moja ya milimita, unene wa unywele. Uzi mwembamba unafunikwa upesi na ngozi, na damu inapita bila kusumbuliwa sana. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu. Labda umebeba kifuani kitu ambacho mwenzako alikichimba. Na kwa wale wanaouliza kila mara: hapana, haishiki kutu, na sumaku ya kiwanda haitaing'oa.

Stenti nyingi za sasa zimepakwa pia dawa inayozuia mshipa usijae nyama tena ndani ya wavu. Zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003. Dawa hiyo ni nzuri, lakini inachelewesha ile ngozi ya ndani kuota. Ndiyo maana walioziwekewa wanaambiwa wameze vidonge viwili kwa miezi mingi. Mwaka 2005 waganga wa Ujerumani na Italia walitangaza habari za watu 2.229 wenye stenti za namna hiyo. Katika miezi 9, watu 29 waliziba. Ni wachache, mutasema. Ndiyo, ni wachache. Lakini kati ya hao 29, watu 13 walikufa. Na walipotafuta ni nini kilichowatofautisha na wengine, sababu iliyozidi zote kwa mbali ilikuwa moja: waliacha vidonge kabla ya wakati.

Stenti za leo ni bora kuliko zile. Katika mwaka wa kwanza, hazifiki hata mtu 1 kati ya 100 anayeziba. Hesabu hiyo nzuri ni ya watu wanaomeza vidonge.

Siku ya sita

Baba mmoja, dereva wa kamyo kubwa ya mawe, alirudi kutoka nje akiwa na stenti mbili. Alipewa aspirini na klopidogreli, na barua iliyosema miezi 12. Alikuwa mtu wa mpango, kazi yake safi. Mwezi wa nne mambo ya nyumbani yakawa magumu: watoto wawili shuleni, na mkwe wake akafiwa. Akaamua kunyoosha vidonge. Siku moja anameza, siku moja anaruka, ili vifike mwisho wa mwezi. Mke wake aliona, akanyamaza, maana bwana alionekana mzima.

Kisha jino likauma. Akaenda kwa mng'oa meno wa mtaani. Yule akamwambia: «Acha dawa zote za damu kwa juma moja, nisije nikakutoa damu hapa.» Akaacha. Siku ya sita, saa kumi ya usiku, aliamka jasho likimtoka, kifua kimebanwa sawa na mtu aliyewekewa jiwe juu yake. Jino lilikuwa bado halijang'olewa.

Kwa nini siku ya sita? Hapa kuna jambo ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua. Aspirini na klopidogreli zinaiharibu kazi ya plaketi kwa maisha yake yote. Lakini maisha ya plaketi ni mafupi, siku 7 mpaka 10. Kila siku mwili unazaa nyingine mpya. Ukiacha vidonge leo, kesho zimezaliwa mpya zisizoguswa na dawa, kesho kutwa nyingine, na kabla ya juma kwisha damu yako ina jeshi jipya ambalo halijui amri ya munganga. Anayeruka siku anafanya vile vile kwa nusu. Na anayejaribu siku mbili akajisikia vizuri anajidanganya, maana siku mbili za kwanza dawa ya zamani bado inafanya kazi.

Familia ilimfikisha hospitali kabla ya jua kutoka. Alipewa dawa ya kuyeyusha donge, akapona kifo. Lakini sehemu ya moyo wake ilikwisha kufa. Leo hawezi kuendesha kamyo. Anagawa vifaa vidogo katika mangazini, na akipanda ngazi anasimama katikati.

Sababu ambazo watu wanatuambia

Ya kwanza: «Nimepona.» Hapana, baba. Kujisikia vizuri ni kwa sababu njia iko wazi, na njia iko wazi kwa sababu unameza. Stenti haiponyi ugonjwa wa mishipa. Inafungua mahali pamoja. Aliyewekewa baada ya shambulio la moyo kwa kawaida anameza vidonge viwili miezi 12. Aliyewekewa bila shambulio, mara nyingi miezi 6. Mtu anayetoka damu kwa urahisi anaweza kupewa muda mfupi zaidi, mwezi 1 ao 3, lakini munganga wa moyo ndiye anayekata hesabu hiyo, siyo jirani aliyewekewa stenti mwaka juzi. Baada ya hapo kidonge kimoja, mara nyingi aspirini ndogo, kinaendelea miaka yote. Hata baada ya mwaka mmoja stenti inaweza kuziba, ingawa ni mara chache.

Ya pili ni pesa, ao dawa kukosekana. Hii siichezei, najua mishahara yetu. Lakini usingoje kidonge cha mwisho. Vikibaki 10, njoo dispanseri, ao mtume mtoto na pakiti tupu ili tuone jina. Kama aina yako haipo, munganga anaweza kukubadilishia nyingine ya kazi ile ile. Hilo linawezekana, na linafanywa kwa mpango. Kubaki mikono mitupu hakuna mpango. Na mtu akikuuzia klopidogreli barabarani, kwenye meza iliyo juani, bila pakiti, hujui umenunua nini.

Ya tatu ni safari ya kilio. Habari ya kifo inakuja usiku, mtu anavaa shati, anapanda gari, anaenda kijijini siku tatu ambazo zinakuwa majuma mawili. Vidonge vimebaki juu ya kabati. Mama, hii ni kazi yako kama wewe ndiye mwenye kufunga mfuko: weka vidonge kabla ya nguo.

Ya nne ni jino, na kila namna ya kisu. Jino linaweza kung'olewa mgonjwa akiendelea na vidonge. Damu itatoka zaidi kidogo, mng'oa meno atabana kwa pamba muda mrefu, atashona kama inafaa. Anayekataa kukung'oa bila kuacha dawa, mwache, tafuta mwingine. Upasuaji mkubwa usio wa haraka, kwa mfano ngiri isiyosumbua, uahirishwe mpaka miezi ya vidonge viwili ikwishe. Kama upasuaji ni wa lazima, munganga wa kisu na munganga wa moyo waongee wao kwa wao. Wewe usiwe mjumbe wa kukata neno.

Ya tano, vidonge vingine. Watu wa nyundo na wa mashine munaumwa mgongo, na munameza ibuprofeni ao diklofenaki sawa na karanga. Kwa mtu wa stenti ni vibaya mara mbili: zinakwangua tumbo mpaka damu itoke, na ibuprofeni inazuia aspirini ndogo isifike kwenye plaketi. Omba parasetamoli. Kwa tumbo linalochoma, wengi wananunua omeprazoli. Hiyo inapunguza nguvu ya klopidogreli. Tangu mwaka 2009 wakuu wa dawa wa Marekani wameonya juu yake. Kuna nyingine, kama pantoprazoli, isiyosumbua vile. Tuulize kwanza. Na lutuku, sina haja ya kuieleza: inachoma tumbo na inakusahaulisha saa ya dawa.

Ya sita ni ngumu kuiandika, lakini tuiseme. Kuna wanaoambiwa katika maombi kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, na wanaoambiwa na mganga wa mizizi kwamba dawa zake hazipatani na za hospitali. Mimi nasali vile vile. Sijaona mahali ambapo Mungu amekataza maji ya kumeza kidonge. Anayefunga mchana ameze jioni anapofungua. Klopidogreli ni mara moja kwa siku, saa yoyote iliyo ile ile. Anayemeza tikagrelori, ambayo ni mara mbili kwa siku, achague jioni na alfajiri kabla ya kuanza kufunga, lakini aje tuongee kabla ya mwezi wa kufunga kuanza. Mizizi na majani mageni ya kuchemsha, achana nayo katika miezi hii. Sombe, tangawizi na kitunguu saumu vya chakula ni chakula, kula.

Damu ikitoka

Vidonge hivi vina bei yake. Ukijigonga utapata alama nyeusi upesi. Ukipiga mswaki damu itaonekana. Kutoka puani, kaa, inamisha kichwa mbele, bana pua dakika 10 kwa saa, siyo kwa kukisia. Hayo ni madogo, hayatoshi kuacha dawa.

Makubwa ni haya: choo cheusi sawa na lami, kutapika damu, mkojo mwekundu, kichwa kuuma kwa ghafula na vibaya sana, ao upande mmoja wa mwili kulegea. Njoo siku ile ile, saa ile ile. Hata hapo usiamue peke yako kutupa vidonge vyote. Uamuzi utafanywa hospitalini.

Kwa kapita na watu wa msaada wa kwanza: mfanyakazi mwenye stenti akipigwa kichwani, hata kama anacheka na kusema si kitu, apelekwe akaangaliwe. Kwa jeraha lake bana kwa kitambaa safi muda mrefu kuliko kawaida. Wewe mwenye stenti, mwambie kapita wako. Siyo aibu, na siyo njia ya kukufukuza. Kama utarudi shimoni, kwenye ngazi ndefu ao kwenye kamyo, munganga wa kazi ataamua baada ya kukupima. Usijirudishe mwenyewe kwa hofu ya kupoteza prime.

Ikiwa imeziba

Alama zake karibu wote mulizijua mara ya kwanza: maumivu ya kubana katikati ya kifua, yanayokwenda kwenye mkono wa kushoto, shingo ao taya, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi. Wazee, mama na watu wa sukari mara nyingine hawapati maumivu makali. Wanachoka ghafula tu na kukosa pumzi. Mtu wa stenti akiwa hivyo, msiseme ni malaria, msiseme ni tumbo, msimpeleke kwanza kwa chumba cha maombi. Msingoje kuche.

Asiendeshe gari mwenyewe. Asitembee kwa miguu mpaka dispanseri. Mketishe, mfungulie shati, ita ambulansi ya kampani. Ikichelewa, gari lolote. Aende hospitali yenye mashine ya kuandika mapigo ya moyo. Kwetu mahali pa kupitisha tena mrija ni mbali, kwa hiyo dawa ya kuyeyusha donge ndiyo tegemeo la kwanza, nayo nguvu yake inapungua kadiri saa zinavyopita. Katika saa mbili za kwanza inaokoa nyama nyingi ya moyo. Baada ya saa kumi na mbili haisaidii tena, ao kidogo sana.

Mukifika mlangoni, musianze na habari ndefu za chakula alichokula jana. Semeni: ana stenti, iliwekwa tarehe fulani, anameza dawa fulani, mara ya mwisho alimeza siku fulani. Kama aliacha, semeni aliacha. Hakuna atakayemgombeza usiku ule. Mambo hayo yote, isipokuwa la mwisho, yameandikwa kwenye kile kikaratasi kigumu alichopewa siku ya kutoka hospitali, chenye jina la stenti na ukubwa wake. Kikaratasi hicho kikae pamoja na kitambulisho cha kazi, na mama awe na kopi yake, pamoja na mtoto mkubwa anayejua kusoma. Tumekwisha kuona mgonjwa analetwa bila kauli, na kikaratasi kimefungwa ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa suruali aliyoiacha nyumbani.